Mwaka Nilipokuwa Sauti ya Kusini

Shufen alinipigia simu siku ya Jumanne mchana, nikiwa jikoni kwangu Woodbridge, Marekani, namenya ndizi, na kabla hajajitaja nilijua ni yeye, maana katika nchi hii ni yeye peke yake aliyewahi kuliita jina langu lote, Ambakisye, bila kulikata katikati. Alisema baba yake amefariki wiki iliyopita, akiwa na miaka themanini na sita, na kwamba Jumamosi watu watakutana nyumbani kwao Rockville kumkumbuka. "Mama anataka kuwaona wote waliomjua baba huku," akasema. Ilikuwa imepita miaka kumi na sita tangu tuzungumze. Nikampa pole, nikaahidi kufika, nikarudi kwenye ndizi zangu na nisiweze kumenya hata moja. Mke wangu aliuliza ni msiba wa nani. Nikamwambia ni wa mzee mmoja wa Taiwan niliyefahamiana naye zamani, kabla hatujaoana. Hilo lilikuwa kweli, ila ni ile kweli anayopewa mtu ili asiulize swali la pili. Mke wangu nimemsimulia mengi ya mwaka 1998: baridi, vyumba vibovu, viatu vilivyopasuka kwenye theluji. Ya Mzee Chen sijawahi kumsimulia, kwa sababu katika hayo mkosaji ni mimi, na sijapata namna ya kuyasimulia ili mtu acheke.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minane, mwanafunzi wa uzamili, na nilipanga chumba cha chini ya ardhi mtaa wa Columbia Heights, kwenye mji mkuu wa Marekani, pamoja na Mkenya mmoja wa Machakos aitwaye Mutua. Mtaa ulikuwa umechimbuliwa kwa ajili ya kituo cha treni, na vumbi lilikuwa likitufuata mpaka kwenye kopo la sukari. Mutua alikuwa akitunza wazee zamu ya usiku, kwa hiyo nilipotoka darasani alasiri nilimkuta ndiyo kwanza anaamka, anasonga ugali. Tulikula pamoja kwenye meza iliyopungukiwa mguu mmoja, yeye akiuita mlo ule kifungua kinywa na mimi nikiuita chakula cha mchana. Alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi. Kila Alhamisi nilipovaa koti kwenda kwenye Kamati, alikuwa akiniuliza swali lile lile: "Leo mnaokoa nani?"

Kamati yetu ilikutana kwenye chumba cha chini cha kanisa, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Walikuwa Wamarekani kama kumi na wawili, na sitaki msomaji aniruhusu kuwacheka kirahisi, kwa sababu walikuwa watu wema na waliwahi kulipia wema wao. Kiongozi wetu, ingawa mwenyewe alikataa kuitwa kiongozi, alikuwa Helen, mwalimu mstaafu mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mvulana, aliyewekwa rumande mara nne kwa kuketi mbele ya ubalozi wa Makaburu. Chakula chao kilikuwa dengu zilizopondwa na karoti mbichi zilizokatwa vijiti. Kwa mtu aliyekulia Mbeya, karoti mbichi kuitwa chakula cha jioni ni jambo linalotaka moyo, lakini nilizitafuna. Hawakupiga kura hata siku moja. Walisema kura huwafanya wachache wameze wasichokitaka, kwa hiyo kila jambo lilipita kwa kukubaliana wote: aliyekubali alichezesha vidole hewani, aliyekataa alikunja mikono kifuani, na mikono ya mtu mmoja ikikunjwa, jambo limekufa. Tena palikuwa na desturi nyingine. Likija jambo la nchi maskini, ambazo wao waliziita Kusini, mtu wa Kusini alisema kwanza, na ilikuwa utovu wa adabu kumpinga.

Kwa kuwa mtu wa Kusini mle ndani nilikuwa peke yangu, Kusini ilikuwa mimi. Nilisemea Bolivia, nilisemea Ufilipino, nilisemea nchi ambazo ungeniuliza miji yake mikuu ningebabaika. Helen alikuwa akinigeukia, chumba chote kinatulia, na watu wenye shahada mbili tatu wanaandika ninachosema. Huko chuoni nilikuwa mwanafunzi ambaye profesa hakukumbuka jina lake. Kwenye maktaba nilikuwa mtu wa kurudisha vitabu rafuni. Pale kanisani nilivikwa kilemba cha ukoka nikakiona cha hariri. Sikumdanganya mtu kwa kukusudia, angalau mwanzoni. Niligundua tu kwamba kuna majibu yanayochezesha vidole na majibu yasiyovichezesha, na taratibu nikaacha kutoa yale ya pili.

Shufen alitujia kwenye mhadhara mmoja wa wazi. Alikuwa mtafiti kwenye maabara moja ya Rockville, umri wake ukizidi wangu kidogo, na baada ya mhadhara alinifuata akaniuliza kwa nini Kamati inayozungumzia demokrasia ya dunia nzima haijawahi kutaja kwao. Nilikuwa najua jibu, kwa sababu nilikuwa nimelisikia mezani. Kwa Helen na wenzake, Taiwan haikuwa nchi ya watu. Ilikuwa hoja ya mahasimu wao. "Ile ni kambi ya jeshi letu yenye masanduku ya kura," alisema mmoja wao siku moja akichovya karoti yake, na wote wakacheka. Helen hakucheka. Yeye aliniambia pembeni kwamba tangu ujana wake waliokuwa wakiisifu Taiwan ni walewale waliowasifu madikteta wa kila bara na kuwaita watu kama yeye wasaliti. Nilimwelewa. Ninachojiuliza leo ni kwa nini hakuna aliyewahi kuuliza watu wa kule walikuwa wakiishije chini ya dikteta aliyeitawala Taiwan siku zile za sifa, na kwa nini mimi, niliyekuja kulijua jibu, sikulitoa.

Jibu hilo nililipata Rockville, mezani, Jumapili tatu mfululizo. Baba yake Shufen alikuwa amekuja kumtembelea majira ya kuchipua, mara yake ya kwanza kutoka nje ya nchi yake. Walikaa kwenye fleti ndogo nyuma ya maduka ya barabara kuu, sebule ikiwa na kochi moja, ramani ya dunia, na meza ya kukunja. Shufen alipika nyama ya nguruwe iliyokatwa vipande vidogo na kuchemshwa na sosi mpaka ikalegea, akaimwaga juu ya wali. Nilimfundisha kwamba kwetu hiyo inaitwa kitimoto, na yeye akamfundisha baba yake, na kuanzia hapo mzee alinikaribisha kwa neno hilo. Mzee Chen alikuwa mwembamba, sweta limefungwa vifungo vyote hata ndani ya nyumba, na aliposikiliza alikugeuzia sikio la kulia. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini alikuwa mwalimu kijana. Yeye na wenzake sita walikuwa wakikutana kusoma vitabu juu ya wafanyakazi na haki zao, vitabu vilevile vilivyokuwa kwenye rafu ya Helen. Serikali ya wakati ule, ile iliyosifiwa na mahasimu wa Helen na kupewa silaha na Marekani, ilimfunga miaka kumi na miwili kwenye kisiwa kidogo. Wenzake wawili hawakurudi.

Alikuwa ameandika hotuba. Ilikuwa kurasa tatu za Kiingereza alichojifunza kwa redio, na alitaka kuisomea mahali pamoja tu: mkutano mkubwa wa Kamati yetu juu ya demokrasia kutoka chini, uliokuwa ufanyike mwezi wa tano. Kundi jingine pale mjini, la mrengo wa kinyume, lilikuwa limekwisha kumwalika kwa shangwe, mradi azungumzie ubaya wa Beijing, inayodai Taiwan ni yake, na asigusie sana nani hasa aliyemfunga. Alikataa. "Walionifunga walikuwa rafiki zao," aliniambia. "Nataka kusema na watu waliosoma vitabu nilivyosoma. Nimewangoja miaka mingi." Tulifanya mazoezi pamoja, kwa sababu alisema Kiingereza changu kinakwenda mwendo wa miguu na anaweza kukifuata. Nilimwekea alama za kalamu pale pa kupumua. Sentensi moja naikumbuka mpaka leo: kwamba alifungwa kwa kutaka wafanyakazi wapate haki, na alipotoka akakuta hana hata haki ya kumkataa aliyemfunga, na sasa anayo, na mara ya kwanza alipoitumia, miaka miwili iliyopita, akiwa na miaka sitini na minane, ilibidi aushike muhuri wa kupigia kura kwa mikono miwili.

Nilipoisikia sentensi ile nilimwambia kwamba nami nilipanga foleni mwaka tisini na tano, Mbeya, uchaguzi wetu wa kwanza wa vyama vingi tangu nizaliwe, jua likiniwakia utosini, na nikarudi nyumbani nimevimba kichwa kama niliyeoa. Mzee alicheka sana. Shufen akaniuliza kama ningeweza kumwombea baba yake nafasi kwenye Kamati, kwa kuwa yeye si mwanachama na haruhusiwi kuingia kwenye vikao vya maamuzi. Nikasema, "Hilo niachie mimi." Kwetu ukisema hivyo umekuwa mshenga, na mshenga hula kwa watu, kisha hubeba neno lao na kulifikisha kama alivyopewa. Nilikuwa nimekula Jumapili tatu.

Alhamisi ile nilikwenda na neno lao kifuani, nimelipanga vizuri. Kikao kilianza kwa Helen kutangaza kwamba wote wamependa niongoze mkutano mkubwa, nikae katikati ya meza, nitoe nafasi za kusema. Vidole vikachezeshwa kunizunguka. Kisha akafika kwenye ombi la "mzungumzaji wa Taiwan", akasema kwa upole kwamba anaona ugumu, kwamba vikundi rafiki viwili vinaweza kujitoa wakisikia, na kwamba bila shaka hataki kusema kabla ya Kusini. Akanigeukia. "Ambakisye, Kusini wanasemaje?" Sijui niseme nini kuhusu dakika ile zaidi ya ilivyokuwa. Nilifungua kinywa nimsemee Mzee Chen, nikatazama nyuso zile zilizokuwa zimenipa kiti dakika mbili kabla, nikasikia sauti yangu inasema kwamba kwetu reli inayopita Mbeya ilijengwa na Wachina wa Beijing, wakati nchi tajiri zilipokataa, na kwamba Mwafrika anawajua marafiki zake. Hayo yalikuwa kweli. Nikaongeza kwamba demokrasia ya Taiwan ni demokrasia ya watu wenye shibe, waliolishwa na Marekani, na haina la kumfundisha mkulima wa Mbeya. Hayo niliyatunga palepale. Kisha nikakunja mikono kifuani. Vidole vikachezeshwa mpaka mwisho wa meza. Hakuna aliyeuliza huyo mzungumzaji ni nani, na mimi sikuwaambia. Jambo lote lilichukua muda wa kunywa nusu kikombe cha kahawa.

Siku iliyofuata nilimsimulia Mutua, nikitaraji aniambie siasa ndivyo zilivyo. Alikuwa anakwaruza sufuria. "Ngoja kwanza," akasema. "Huyo mzee alifungwa juu ya kusoma vitabu za hao wasee wako wa Kamati?" Nikasema ndiyo. "Na wao hawajui?" Nikasema hawajui. "Na wewe unajua." Nikaanza kumweleza habari za reli, za ukoloni, za vikundi rafiki. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi si mtu wa siasa, bana. Lakini juzi tu Disemba mum yangu amesimama line tangu asubuhi na miguu mbaya ndio avote, na yule hakumtaka akashinda bado. Mtu akimwambia hiyo kura ni ya watu wameshiba, nitamkasirikia. Wapigie simu uwaambie ukweli." Nikamjibu kwamba nitaangalia. Akarudi kwenye sufuria yake. Kuanzia siku ile hakuniuliza tena tunaokoa nani, na sikujua kama nililipenda swali lile mpaka lilipoacha kuulizwa.

Simu niliyopiga ilikuwa ya Rockville, na ilikuwa ya uongo. Nilimwambia Shufen kwamba nafasi zimejaa. Kisha nikaongeza haraka kwamba mwishoni kutakuwa na muda wa maswali, na kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti, baba anaweza kusema machache. Niliahidi hivyo ili simu ikatike kwa amani tu. Sikufikiri kwamba watakuja.

Walikuja. Jumamosi ile ukumbi wa kanisa ulijaa, madirisha yamefunguliwa, na safu ya nne kutoka mbele niliona suti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka inang'aa magotini, na karatasi tatu zimekunjwa kwenye mfuko wa juu. Mzee Chen aliniinamishia kichwa. Wazungumzaji wakasema, watu wakapiga makofi, na ukafika muda wa maswali. Desturi yetu ilikuwa mwenyekiti kuandika majina kadiri mikono inavyonyooshwa. Mkono wake ulikuwa wa kwanza. Niliuona, nikaandika jina la mama aliyekuwa nyuma yake. Baada ya watu wanne akaunyoosha tena, nikamtazama Helen aliyeketi mwisho wa meza, nikaandika jina la mwanafunzi mmoja mwenye fulana. Mara ya tatu aliunyoosha mkono wote mpaka mkono wa koti ukateremka kwenye kiwiko, kama mtoto wa shule mwenye uhakika wa jibu, na hapakuwa na mkono mwingine ukumbini. Nikasema muda umekwisha. Saa ya ukutani ilionyesha bado robo saa, na Helen alinitazama kwa mshangao. Alikuwa hajui huyo ni nani. Nafikiri angeruhusu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko yote; nilimwogopa mtu ambaye hakuwa amekataza.

Watu walipoanza kutoka mzee alinijia, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Umeongoza vizuri," akasema kwa Kiingereza kile cha kutembea. "Watu wengi sana. Muda mfupi." Shufen alisimama nyuma yake, akaniangalia, akaiangalia saa ya ukutani. Hakunipigia simu tena, na mimi sikumpigia. Nilimaliza masomo, nikaacha Kamati kwa kisingizio cha kazi, nikaoa, nikahamia Virginia. Baadaye nilisikia kwamba mzee na mkewe wamehamia Rockville moja kwa moja. Ni mwendo wa saa moja kwa gari barabara ikiwa wazi. Nilikuwa na miaka ya kwenda, na kila mwaka nilijiambia kwamba barabara ile ina foleni mbaya.

Jumamosi ya kumkumbuka nilifika mapema. Hawakukaa tena kwenye fleti. Ilikuwa nyumba yenye sebule pana, viti vya kukodi vimepangwa, picha ya mzee mezani akiwa kwenye sweta lile au jingine la aina yake. Mjane wake, mama mdogo wa umbo mwenye miaka themanini na kitu, alikaa mbele, na Shufen, nywele zimeanza kuwa nyeupe, alisimama kando yake kutafsiri. Watu waliinuka mmoja mmoja. Jirani mmoja alisema mzee alikuwa mpole na mwenye haya. Hapo mama akacheka kidogo, akaanza kusimulia, na Shufen akatafsiri akiwa anatazama zulia. Mama alisema, "Hiyo haya ndiyo iliyokuwa ugonjwa wa mume wangu. Aliandika hotuba nusu mwaka, akapanda ndege kuja Marekani kuisoma, akarudi nayo mfukoni. Aliniambia walimpa nafasi ya kusema, akaogopa, hakuthubutu hata kunyoosha mkono. Nilimtania kwa hilo mpaka mwaka huu. Akikataa kumkemea fundi wa bomba nilimwambia, 'Basi umekuwa kama kule Marekani.'" Watu wakacheka kwa mapenzi, kama watu wanavyocheka msibani.

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya heshima, ya dakika moja. Nilisimama, nikayaacha. Nikasema mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti siku ile. Nikasema mzee hakuogopa. Nikasema aliombewa nafasi kupitia kwangu, na mimi ndiye niliyeizuia, kwa maneno yangu mwenyewe, kwa sababu nilipenda kusifiwa na waliokuwa mle chumbani. Nikasema aliunyoosha mkono na niliuona. Shufen alikuwa akitafsiri sentensi baada ya sentensi kwa sauti moja, bila kusita hata mara moja, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ameyajua yote tangu siku ile na aliyatunza. Mama aliuliza neno moja. "Anauliza mara ngapi," Shufen akasema.

"Mara tatu, mama," nikasema. "Ya tatu mkono wote."

Shufen akamwambia. Mama akageuka kwenye kiti, akawa ametupa mgongo sisi sote, akaielekea picha, akasema maneno machache kwa sauti ndogo. Hakuna aliyeyatafsiri. Mtu mwingine akainuka akazungumza, kisha mwingine, kisha kukaletwa chai, na mimi nikakaa na kikombe mapajani mpaka kikapoa. Nilipoaga, Shufen alinisindikiza mlangoni, akanipa koti langu. Nikamwomba radhi, kwa Kiingereza, kwa maneno mabovu, na yeye akasikiliza akiwa ameshika kitasa. Akasema baba yake alimkataza kumwambia mama. Alisema ni afadhali mkewe amwone mwoga kuliko ajue kwamba wale aliowangoja hawakumtaka. Nikamuuliza mama alisema nini pale mbele ya picha.

"Alimwomba baba msamaha," Shufen akasema, akanifungulia mlango.